Kwa nini jina la Ng'ang'a hufika likiwa limevurugika

Umelipia leseni ya biashara kwa simu ukiwa dukani kwako Umoja au Kayole. Pesa zimetoka, ujumbe wa M-Pesa umeingia, lakini ukiangalia bili bado inasema hujalipa. Au risiti imechapishwa, ila pale palipostahili kuandikwa Ng'ang'a pameandikwa "Ngâ€™angâ€™a". Ni rahisi kudhani umetapeliwa. Huenda tatizo ni alama moja tu ndani ya jina.

Ukilipa, simu yako haiandiki moja kwa moja katika daftari la mapato. Mfumo wa malipo hutunga ujumbe unaosema nani amelipa, kiasi gani na kwa akaunti ipi. Mifumo mingi huandika ujumbe huo kwa XML, mtindo uliotangazwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1998, ambao hufungia kila taarifa kati ya alama mbili: <jina> mwanzoni, </jina> mwishoni. Ujumbe huo hukabidhiwa programu ya kati, ambayo kazi yake ni kuupanga kwenye foleni na kuufikisha. Stima ikipotea upande wa mpokeaji, ujumbe husubiri foleni hadi mitambo irudi.

Sasa tuseme biashara yako inaitwa Mama Akinyi & Binti. Katika XML, alama ya & ina kazi yake maalumu, kwa hiyo mtumaji anapaswa kuiandika &amp; na mpokeaji kuirudisha ilivyokuwa. Mtumaji akisahau, kanuni za XML haziruhusu kubahatisha: kompyuta inayosoma lazima isimame hapo hapo. Ujumbe mzima hutupwa kando kwenye foleni ya barua zilizokwama, pamoja na pesa zilizotajwa ndani yake, hadi mtu aukague. Na programu ya kati nayo ikijitia kusaidia, ikaigeuza alama hiyo mara ya pili, risiti yako itatoka ikisoma "Mama Akinyi &amp; Binti".

Ritifaa ina kisa chake. Ile iliyonyooka husafiri salama mara nyingi. Lakini simu nyingine huigeuza yenyewe iwe iliyopinda, na hiyo iliyopinda, kwa utaratibu wa UTF-8 unaotumika sana leo, huhifadhiwa kwa baiti 3. Kompyuta inayosoma kwa utaratibu wa zamani wa Windows-1252 huona herufi 3 mahali pa alama moja: â, € na ™. Mbaya zaidi ni pale programu ya kati inapobadilisha utaratibu wa herufi njiani huku kichwa cha ujumbe kikiendelea kutangaza ule wa awali. Mpokeaji huamini kichwa, na jina huharibika bila yeyote kupata onyo.

Aliyewahi kutuma bahasha nyumbani kutoka Machakos Country Bus ataelewa dawa yake. Karani hupokea bahasha iliyofungwa, husoma anwani ya juu na kuipakia. Hafungui barua ili airekebishe mwandiko. Programu ya kati nayo iambiwe ibebe ujumbe kama baiti tupu, si kama maandishi ya kutafsiri, na maelezo ya njia yakae nje ya ujumbe. Kugeuza alama kufanyike mara moja kwa mtumaji, na kurudisha mara moja kwa mpokeaji.

Wapo wanaoshauri watu wafute ritifaa katika majina yao. Kwa maoni yangu huo ni uvivu. Nganga na Ng'ang'a hayatamkwi sawa, kama vile ngombe si neno ila ng'ombe. Tena leseni isiyolingana na kitambulisho inaweza kukusumbua benki ukiomba mkopo.

Wewe unaweza kupunguza usumbufu. Unapolipa, andika nambari ya bili au ya akaunti kama ilivyo kwenye bili yako, usiweke jina la duka mahali pake. Wapangaji wa nyumba za kaunti, kama vile Jericho na Maringo, nao wanakili nambari ya akaunti bila kuongeza nafasi wala alama. Usifute ujumbe wa M-Pesa: ile nambari yenye herufi na tarakimu 10 ndiyo itakayomwezesha karani kuutafuta ujumbe uliokwama, hata kama jina halisomeki. Bili isipobadilika, usilipe mara ya pili. Nenda afisi ya mapato iliyo karibu nawe na nambari hiyo, bili na kitambulisho, uombe malipo yaunganishwe na akaunti yako na jina lisahihishwe kabla leseni haijachapishwa.