Gofu ya Jangwani Ilianza na Maji

Mshindi wa mashindano ya gofu ya Dubai Desert Classic hakabidhiwi kikombe. Anakabidhiwa dele, tena dele hasa, lenye mdomo uliopinda, la ukoo mmoja na yale wanayopita nayo wauza kahawa wa Mbagala jioni wakigonganisha vikombe. Tofauti ni kwamba hilo la Dubai ni kubwa, linang'aa, na sidhani kama limewahi kuonja mkaa. Januari 2024 Rory McIlroy wa Ireland ya Kaskazini alilinyanyua kwa mara ya nne, idadi ambayo hakuna mwingine aliyekuwa ameifikia. Mara ya kwanza ilikuwa 2009, akiwa na miaka 19, na huo ndio uliokuwa ushindi wake wa kwanza tangu aingie kwenye gofu ya kulipwa.

Mimi sichezi gofu. Mimi ni mtu wa majani. Hapa Chamazi, njia ya kwenda Mbande, nina kitalu cha maua na ukoka. Nauza kwa kiroba, na ukitaka nije kukupandia tunaelewana bei. Kazi hii niliipatia Dubai, nilikokuwa kibarua wa bustani za hoteli. Ndiyo maana gofu ikionyeshwa kwenye televisheni macho yangu hayafuati mpira, yanatazama chini. Mzee mmoja jirani yangu, ambaye Azam wakicheza nyumbani huwezi kumkuta kwake, aliniuliza siku moja: "Fundi, hao watu wa jangwani majani wanayatoa wapi?" Wachambuzi wa michezo hawaulizi hivyo, na historia yote ya mashindano haya iko hapo.

Zamani hawakuwa nayo. Wageni waliofuata mafuta na biashara walicheza juu ya mchanga mtupu, kwenye klabu iliyoitwa Dubai Country Club, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mchezaji alitembea na kipande cha zulia la plastiki. Mpira ukitua, anakitandika kile kipande, anaupachika mpira juu yake, anapiga. Na pale penye shimo, ambapo viwanja vingine huwa na majani yaliyonyolewa yakalainika, wao walimwaga mchanga uliochanganywa na mafuta na kuusawazisha baada ya kila kundi kupita. Usicheke. Hata Afrika Mashariki zipo klabu, hasa za mikoani, zilizocheza miaka mingi juu ya mchanga wa mafuta namna hiyo hiyo.

Sasa Dubai haikujaliwa mafuta mengi kama jirani yake Abu Dhabi, na watawala wake waliliona hilo mapema. Wakajenga bandari ya Jebel Ali, ikafunguliwa 1979. Wakaanzisha shirika la ndege la Emirates mwaka 1985. Ndege zikipatikana lazima ziwe na watu wa kubeba, na watu nao lazima wawe na cha kuwaleta. Sheikh Mohammed bin Rashid Al Maktoum, wa ukoo huo wa watawala, akatoa ardhi nje ya mji, Mmarekani Karl Litten akachora uwanja, na mwaka 1988 ikafunguliwa Emirates Golf Club, yenye uwanja wa kwanza wa majani wa hadhi ya mashindano katika Mashariki ya Kati. Jengo la klabu walilijenga kwa umbo la mahema ya Mabedui. Uwanja wenyewe wakauita Majlis. Wakati huo pande zote ulikuwa mchanga na ngamia. Leo umezungukwa na maghorofa.

Mwaka uliofuata, 1989, mashindano yakaanza, yakiwa na jina la huyo huyo Litten. Mwingereza Mark James akashinda. Yaani uwanja haukuwa umetimiza hata miaka miwili, na tayari wachezaji wa kulipwa wa Ulaya walikuwa juu yake.

Nirudi kwa mzee wangu na majani. Ukoka ndio unaobeba gofu ya nchi za joto, huu huu unaotambaa kwenye viwanja vya shule zetu, ila umeboreshwa. Mwaka 1960 kituo cha utafiti cha Tifton, jimbo la Georgia, Marekani, kilitoa chotara wa ukoka wa kawaida na ukoka mwembamba wa Afrika Kusini. Chotara huyo anaitwa Tifway 419, na ameenea kwenye viwanja vya gofu na vya mpira karibu dunia nzima. Ukoka unapenda jua. Shida yake ni baridi: mashindano ya Dubai huchezwa majira yao ya baridi, Januari au Februari, na usiku ukipoa ukoka unalala, unageuka rangi ya kaki. Mchezo unachezeka vizuri tu, lakini televisheni haitaki kaki. Inataka kijani.

Dawa yake ni kupanda majani juu ya majani. Kwenye bustani za hoteli tulifanya hivyo kila joto lilipoanza kupungua, na viwanja vya gofu vya kule hufanya hivyo hivyo kwa uangalifu zaidi. Unaunyoa ukoka mpaka vinabaki vishina, uwanja mzima unaonekana kama umeungua. Halafu unamwaga mbegu za raigrasi, jani la nchi za baridi, unapitisha ufagio mgumu ili mbegu zizame, kisha unamwagilia kidogo kidogo mara kadhaa kwa siku, usiku na mchana, maana mbegu ikikauka mara moja tu imekufa. Njiwa wanajua kalenda hiyo kuliko msimamizi. Kuna kijana kazi yake ilikuwa kuwafukuza tu, alfajiri mpaka jua kali. Baada ya wiki hivi unaona ukungu wa kijani ukiinama uso karibu na ardhi. Ukisimama wima huuoni. Januari ikifika raigrasi imefunika kila kitu, na ukoka umelala chini yake ukisubiri joto la Mei.

Na maji? Ni ya bahari yaliyotolewa chumvi mitamboni, na kwa bustani nyingi za mji ni maji taka yaliyosafishwa. Kichanga hakina simile. Sisi wa Chamazi tunalijua hilo: unamwagilia asubuhi, adhuhuri udongo umeshasahau. Kwa hiyo mtu akiniambia gofu ya jangwani ni mchezo, mimi naona bomba. Sisemi ni vizuri kumwaga maji hivyo. Nasema ndivyo ilivyo.

Kilichobaki kilikuwa kuwaleta wakubwa. Mwaka 1991 mashindano hayakuchezwa, Vita vya Ghuba vilikuwa vinapiganwa jirani. Mwaka 1992 akashinda Mhispania Seve Ballesteros, ambaye majirani zetu walimfahamu zamani: alikuwa ametwaa Kenya Open mwaka 1978. Mwaka 1994 kijana wa Afrika Kusini, Ernie Els, alianza raundi ya kwanza kwa mikwaju 61. Katika gofu anayepiga mara chache ndiye bora, na Majlis umepangiwa mikwaju 72, toa mwenyewe. Els alimaliza kwa tofauti ya mikwaju sita mbele ya Greg Norman, na baadaye akashinda tena 2002 na 2005.

Lakini wanaokumbuka Dubai wengi hukumbuka 2001. Tiger Woods alikuwa hashikiki duniani wakati huo. Siku zote nne alipangwa pamoja na Thomas Bjorn wa Denmark, bega kwa bega, na wakafika shimo la mwisho wakiwa sawa. Shimo la 18 la Majlis lina bwawa mbele ya pale penye bendera. Mpira wa kwanza wa Woods ulikwenda kulia kwenye miti; akajikwamua, kisha mpira ukaingia majini. Bjorn akashinda kwa mikwaju miwili. Bwawa hilo, katikati ya jangwa, limechimbwa na watu. Woods alirudi akashinda 2006 na 2008, na mwaka 2004 walimpandisha kwenye kiwanja cha helikopta juu ya hoteli ya Burj Al Arab akapiga mipira kuelekea baharini. Magazeti ya wakati ule yaliandika kuwa alilipwa mamilioni ya dola kwa kuja tu, ashinde asishinde. Kwangu hilo linaeleweka: ile picha ya hotelini ilikuwa tangazo, na matangazo hulipiwa.

Na tangazo limezaa. Tangu 2009 msimu wa gofu ya Ulaya hufungwa Dubai, kwenye uwanja mwingine uitwao Jumeirah Golf Estates. Kuanzia msimu wa 2022 ziara nzima ya Ulaya imeitwa DP World Tour. Jina hilo halihitaji utangulizi Dar es Salaam. Ni kampuni ile ile ya bandari ya Dubai tuliyobishania vijiweni mwaka 2023, ambayo Oktoba mwaka huo ilitia saini mkataba wa kuendesha sehemu ya gati za bandari yetu.

Kwa hiyo msomaji, ukitaka kuwaona wachezaji wa ziara hiyo hutahitaji viza ya Dubai. Kenya Open, iliyoanza 1967, imo kwenye ratiba yao ya juu tangu 2019, na huchezwa Kenya Februari au Machi. Nairobi ni safari ya basi. Mpaka mashindano ya 2025 hakuna Mkenya, Mganda wala Mtanzania aliyekuwa ameshinda. Ukienda, vaa viatu vya kutembea: kumfuata mchezaji mashimo yote 18 ni mwendo wa saa nne na zaidi, na ukikanyaga majani yao, inama uyatazame.