Masikio ya Mtoto Mchanga Katika Makelele

Katika miji yetu, Bukavu kama Lubumbashi, watu wengi hudhani kwamba arusi bila vipaza sauti vikubwa si arusi. Kufurahi si kosa, na muziki si adui wetu. Lakini tutazame ni nani aliyeketi karibu na vyombo hivyo. Mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni. Mtoto amelala, nao jamaa husema: «Mwacheni, amekwisha kuzoea.» Je, ni kweli?

Sivyo. Jicho lina kope za kulifunga, lakini sikio hubaki wazi hata usingizini. Ndani yake mna chembe ndogo zenye vinyweleo, zipatazo 15,000 katika kila sikio, ambazo hupokea sauti na kuipeleka kwenye ubongo. Makelele makali huzichosha, kisha huziua. Nazo zikifa hazioti tena.

Wataalamu hupima nguvu ya sauti kwa desibeli. Maongezi ya kawaida ni kama 60. Kwa mtu mzima kazini, mpaka unaojulikana ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka 3, muda huo hupunguzwa nusu. Basi penye desibeli 100, nguvu ambayo vipaza sauti vya karamu huifikia kwa urahisi, muda uliobaki ni robo saa tu. Kwa watoto, Shirika la Afya Duniani hushauri mpaka ulio chini zaidi.

Hasara yake ni nini? Mtoto hujifunza kusema kwa kusikia. Asiyesikia vema huchelewa kusema, na akifika shuleni huitwa mkaidi au mjinga, kumbe hakulisikia swali. Sisi walimu tumewaona watoto wa namna hiyo.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tumweke mtoto mbali na vyombo. Uwanjani, umbali ukiongezwa mara mbili, sauti hupungua yapata desibeli 6.

Pili, tusimkawishe humo. Ikiwa inatupasa kupaza sauti ili tusikiwe na mtu aliye karibu nasi, mahali hapo hapamfai mtoto.

Tatu, mwenye uwezo anunue vifuniko vinavyofunika sikio lote kwa nje. Tusitie kitu chochote ndani ya tundu la sikio: pamba huzuia sauti kidogo tu, na vizibo vidogo vyaweza kumsonga mtoto akivitia kinywani.

Nne, mtoto asiyeshtushwa na sauti kubwa, au aliyetimiza miezi 6 bila kugeukia sauti, apelekwe kwa mganga wa hospitali bila kukawia.

Nanyi akina baba, msimwachie mama peke yake kazi hii. Mwenye karamu akipunguza sauti, heshima ya arusi yake haipungui. Mtoto mchanga hawezi kuomba jambo hilo. Ni juu yetu kuliomba kwa ajili yake.