Reli ya Mpanda na Kiini cha Kompyuta: Jinsi ya Kurudisha Kilichoazimwa kwa Usalama

Kutoka Kaliua, katika Mkoa wa Tabora, tawi la Reli ya Kati huelekea kusini kwa kilometa zipatazo 210, huvuka Mto Ugalla na kuishia Mpanda, mji ambao tangu mwaka 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Katavi. Tawi hilo lilijengwa karibu na mwaka 1950 ili kusafirisha madini ya risasi yaliyochimbwa sehemu za Mpanda. Machimbo hayo yalifungwa baadaye, lakini reli ilibaki kuwahudumia abiria na wakulima.

Reli hiyo ni ya njia moja. Treni itokayo Kaliua na ile itokayo Mpanda haziwezi kupishana ila penye njia ya kando. Kwa hiyo kila kipande cha reli kati ya stesheni mbili ni mali ya kuazimana: treni moja hukichukua, hukitumia, kisha hukirudisha ili nyingine ipite. Kukichukua ni kazi rahisi. Ugumu uko katika kukirudisha, na ugumu huo huo ndio unaowashughulisha wataalamu wa kompyuta.

Tokeni ya dereva

Nchi nyingi zenye reli za njia moja zimetumia kifaa kiitwacho tokeni, yaani kipande cha chuma chenye majina ya stesheni mbili. Dereva haruhusiwi kuingia katika kipande cha reli bila tokeni yake, na tokeni ya pili haitoki mpaka ya kwanza irudishwe katika mtambo maalumu.

Tarehe 26 Januari 1921, katika stesheni ya Abermule huko Wales, tokeni ya kipande kilichokwisha kupitwa haikurudishwa katika mtambo. Ilipita mikononi mwa wafanyakazi na kurejeshwa kwa dereva yule yule, ikidhaniwa kuwa ni ya kipande kinachofuata. Majina yaliyoandikwa juu yake hayakusomwa. Treni iliondoka, ikagongana uso kwa uso na treni ya mwendo wa kasi iliyokuwa na tokeni halali. Watu 17 walikufa.

Katika miaka ya 1960, mwanahisabati wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alibuni njia ya kuzizuia programu mbili zisitumie kitu kimoja kwa wakati mmoja. Njia hiyo aliiita semafo, jina la nguzo ya ishara ya reli.

Kifaa kimoja, watumiaji wengi

Kiini cha mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayokaa kati ya programu nyingine na mitambo yenyewe. Ndicho kinachogawa kumbukumbu, diski na kadi za mtandao. Mwaka 1972 kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wa VM/370, ambao uliwezesha kompyuta moja kubwa ijionyeshe kwa kila mtumiaji kama kompyuta yake peke yake. Kompyuta za namna hiyo huitwa mashine pepe. Siku hizi hata kadi moja ya mtandao yaweza kujigawa ikaonekana kuwa kadi nyingi, na kila mashine pepe ikapewa kadi pepe yake.

Kila kadi pepe huazima vitu kadhaa kutoka kwa kiini: eneo la kumbukumbu la kuwekea data, jedwali la kutafsiri anwani, na namba ya mkatizo, yaani ishara ambayo kadi huitumia kuijulisha kompyuta kwamba kazi imekwisha. Mashine pepe inapozimwa, vyote hivyo havina budi kurudishwa.

Makosa matatu

Kosa la kwanza ni kutorudisha. Tuseme kadi pepe huundwa na kuondolewa mara 100 kwa siku, na kila mara kilobaiti 64 husahauliwa. Kwa siku hupotea kilobaiti 6,400. Kwa siku 160 hupotea kilobaiti 1,024,000, yaani karibu gigabaiti moja. Mwishowe kompyuta huishiwa nafasi.

Kosa la pili ni kurudisha mara mbili. Eneo lililokwisha kupewa mwingine huhesabiwa tena kuwa huru, na watu wawili hupewa kiti kimoja.

Kosa la tatu, lililo baya kuliko yote, ni kurudisha mapema. Kadi ya mtandao huandika katika kumbukumbu moja kwa moja, bila kupitia kwa kichakato kikuu. Eneo likigawiwa programu nyingine kabla kadi haijasimamishwa, kadi huendelea kuandika pale pale. Hebu fikiri eneo hilo sasa lina kumbukumbu za wagonjwa au hesabu za benki. Hapo Abermule hurudiwa ndani ya mashine: tokeni ya zamani imetumika katika njia ya mtu mwingine.

Utaratibu ulio salama

Kanuni ni kurudisha vitu kwa mpangilio ulio kinyume na ule wa kuvichukua:

1. Kufunga mlango: maombi mapya yasipokewe.
2. Kungoja waliomo ndani wamalize. Kiini huweka hesabu ya watumiaji, na hakiendelei mpaka hesabu ifike sifuri.
3. Kuisimamisha kadi isiandike tena, kuzima mkatizo wake, na kungoja mkatizo uliokwisha kuanza ukamilike.
4. Kufuta tafsiri za anwani, pamoja na nakala zake zilizohifadhiwa kwa muda.
5. Kusafisha kumbukumbu na kuirudisha.
6. Kuirudisha kadi pepe katika hali yake ya mwanzo, ndipo ipewe mwingine.

Hatua ya pili ina mtego. Tuseme hesabu ni 2, na programu mbili zinaondoka kwa wakati mmoja. Kila moja husoma 2, hutoa 1, na kuandika 1. Wote wameondoka, lakini hesabu haitafika sifuri kamwe. Kwa hiyo kusoma, kutoa na kuandika lazima viwe tendo moja lisilokatizwa katikati.

Mfano wetu wa reli una mpaka wake. Dereva aweza kuiona treni iliyo mbele yake akafunga breki. Kadi ya mtandao haioni kitu. Usalama wote umo katika utaratibu uliopangwa kabla.

Zoezi kwa darasa

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi watatu ufunguo mmoja wa maabara na daftari la kuandikia wanaoingia na wanaotoka. Wajibu maswali haya: Nani afunge mlango, na wakati gani? Itakuwaje taa ya gesi ikizimwa baada ya ufunguo kurudishwa badala ya kabla? Je, kati ya hatua sita zilizotajwa, ni zipi mbili ambazo zikibadilishana nafasi zitaleta madhara makubwa zaidi, na kwa nini?