Rangi ya Kwanza Ndiyo Ishikayo

Wasomaji wetu wa Goma hawana haja ya kuelezwa chukudu ni nini. Ndicho chombo cha mti chenye magurudumu mawili, kisicho na injini wala pedali, kiteremshacho viazi, mbao na makaa mpaka sokoni. Heshima yake ni kubwa hata mwaka 2009 sanamu yake ya rangi ya dhahabu ikasimamishwa mjini.

Vijana wetu nao hutengeneza chukudu ndogo za kuchezea au za kuwauzia wageni, na malori ya bati la makopo. Ustadi wa mikono yao ni wa kusifiwa. Lakini mara ngapi tumeona kazi ya majuma mawili ikiharibika kwa siku tatu! Kijana mmoja alituletea lori lake jekundu, lililorudishwa na mnunuzi kwa kuwa rangi ilibanduka kama ganda la kitunguu. Alisema, “Mwalimu, rangi hii ni mbaya.” Tukaigusa kwa ukucha, tukaona bati chini yake liking'aa, tena lina mafuta. Rangi haikuwa na kosa. Ilikosa mahali pa kushika.

Kazi ya rangi ya msingi

Rangi ya kwanza, ambayo mafundi wengine huiita praima, ina kazi tatu. Hushikamana na kitu chenyewe na kuipa rangi ya juu mahali pa kushika. Huziba vinyweleo vya mti ili usinywe rangi kwa mabaka. Tena hufanya kitu chote kiwe na rangi moja, hata kama kimeunganishwa kwa mti, bati na plastiki.

Kuchagua

Kwa bati, chagua rangi ya msingi ya chuma, izuiayo kutu. Kwa mti, chagua ile ya mbao. Kwa plastiki, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, maana dawa kali za kuyeyushia rangi huweza kuilainisha na kuiharibu.

Angalia pia rangi itakayofuata. Nyeupe yafaa chini ya njano na nyekundu, nazo hung'aa. Nyeusi yafaa chini ya rangi za giza na za chuma. Ya kijivu yafaa karibu kila mahali, na faida yake kubwa ni kufichua mikwaruzo na mashimo ambayo jicho halikuyaona.

Kupaka

Kwanza osha kitu cha bati au plastiki kwa maji na sabuni, kikauke kabisa. Mti usiloweshwe, usugue kwa msasa laini na kuufuta vumbi. Bati nalo lisuguliwe kidogo, kisha lisishikwe tena kwa vidole vitupu, kwa sababu vidole vina mafuta.

Paka tabaka jembamba, ungoje likauke, upake la pili. Matabaka mawili membamba ni bora kuliko moja nene, kwani lile nene huchuruzika na kufukia misumari midogo na michoro uliyoitolea jasho. Ukitumia kopo la kupuliza, litikise vizuri, lishike mbali kiasi cha sentimita 20 hadi 30, anza kupuliza kabla ya kufika kwenye kitu na umalize baada ya kukipita.

Hapa kwetu kuna maadui wawili. Wa kwanza ni vumbi jeusi la mawe ya Nyiragongo, ambayo tangu mlipuko wa Januari 2002 yamekuwa sakafu ya mitaa mingi. Wa pili ni unyevu wa mvua. Basi ngoja saa kavu isiyo na upepo, na kitu kikaukacho kifunikwe kwa sanduku lisilokigusa.

Neno kwa wazazi

Rangi hizi zina mvuke mbaya, tena hushika moto upesi. Zipakwe nje, mbali na jiko la makaa na watoto wachanga.

Lakini liko jambo kubwa zaidi. Rangi nyingine zina madini ya risasi, hasa za zamani na baadhi ya zile za njano na nyekundu kali. Mtoto hutia mchezo wake kinywani. Risasi hudhuru ubongo wake polepole, bila homa wala kilio, na hakuna kiasi chake kijulikanacho kuwa salama. Nunueni kopo lililoandikwa kwamba halina risasi. Lisilo na maandishi lisitumiwe kwa vitu vya watoto, wala rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu, maana vumbi lake ni sumu.

Yule kijana alikwangua bati lake katika maji, akaliosha, akaanza upya na rangi ya kijivu. Safari hii alikuja kwetu lori likiwa bado la kijivu, halipendezi hata kidogo. Tulilikwaruza kwa ukucha. Halikubanduka. Ndipo tukamwambia, “Sasa, mwanangu, tia nyekundu.”