Unabadilisha madirisha ya nyumba ya zamani? Mkinge mtoto na vumbi la rangi

Nyumba nyingi za zamani mijini zinabadilishwa sura. Madirisha ya mbao yanang'olewa, yanawekwa ya alumini na vioo. Ni maendeleo, lakini mzazi, kabla fundi hajashika nyundo, fikiria mambo mawili: vumbi la rangi ya zamani na hewa itakayoingia ndani baada ya kazi kwisha.

Rangi ina nini?

Kwa miaka mingi rangi za mafuta zilichanganywa na madini ya risasi ili zing'ae, zikauke haraka na zidumu. Rangi iliyoshika vizuri haina hatari kubwa. Hatari huanza inapobanduka, kupigwa msasa, kukwanguliwa au kuchomwa. Dirisha huathirika zaidi, kwa sababu kila likifunguliwa na kufungwa mbao husuguana na rangi hugeuka unga.

Kwa macho huwezi kujua kama rangi ina risasi. Kwa hiyo dirisha lolote la zamani lililopakwa rangi ya mafuta lichukulie kuwa linayo.

Kwa nini mtoto zaidi?

Mtoto hutambaa sakafuni na kupeleka mikono mdomoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linaeleza kuwa mwili wa mtoto mdogo hufyonza risasi mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima, na kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa hakina madhara. Risasi hudhuru ubongo, hupunguza uwezo wa kujifunza na huleta upungufu wa damu. Kwa mjamzito, hupita na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Ubaya wake ni kuwa mara nyingi haina dalili mwanzoni. Mtoto anaweza kucheza na kula kama kawaida huku akiendelea kudhurika.

Fanya hivi

• Watoto na wajawazito wakae kwa ndugu au jirani hadi usafi ukamilike.
• Ondoa chakula, vyombo, nguo na matandiko chumbani. Tandika nailoni ndani na nje chini ya dirisha, hasa kama kuna bustani ya mchicha.
• Mwambie fundi alowanishe rangi kwa maji kabla ya kukwangua. Asipige msasa mkavu wala kuchoma rangi kwa moto.
• Fundi avae barakoa nzito ya vumbi, na abadili nguo kabla ya kurudi kwa watoto wake.
• Usifagie vumbi likiwa kavu. Futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kisha dekia zaidi ya mara moja.
• Fremu za zamani zisigeuzwe kuni. Moshi na majivu yake hubeba risasi.

Usipunguze hewa

Dirisha la mbao la bawaba hufunguka lote. La kuteleza lenye vipande viwili hufunguka nusu tu. Ukiliweka kwenye nafasi ileile, umepunguza sehemu ya kupitisha hewa kwa nusu. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa kifua kikuu, hewa inayopita ni sehemu ya kinga kwa wengine. Kama mnapikia mkaa ndani, gesi yake isiyo na harufu huweza kuua.

Muulize fundi kama anaweza kuweka la bawaba, au kupanua nafasi. Hakikisha waya wa mbu umebana pembeni zote, lakini watoto waendelee kulala kwenye chandarua. Kama unaweka nondo, dirisha moja la chumba cha kulala liwe na nondo zinazofunguka kwa ndani, ili moto ukitokea mpate pa kutokea.

Kama kazi ilishafanyika

Kama watoto walikuwepo wakati wa kazi, safisha nyumba kwa maji, waoshe mikono kabla ya kula na osha vitu vyao vya kuchezea. Wape vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu kama maharage, dagaa, maziwa na mboga za majani, kwani husaidia mwili kufyonza risasi kidogo.

Mtoto akiwa na maumivu ya tumbo yasiyoisha, choo kigumu, uchovu au hasira zisizo za kawaida, mpeleke hospitali na umweleze daktari kuhusu ukarabati huo. Hata asipokuwa na dalili, uliza kuhusu kipimo cha damu, maana ndicho kinachoonyesha kiasi cha risasi mwilini.