Kipepeo ya usiku, mama ya madudu tunayokula

Ndugu memba wa koperative, kila mwaka mvua ikianza, familia nyingi za Haut-Katanga zinaingia porini kuokota madudu ya kula na ya kuuza. Dudu tunalijua. Mama yake ni nani?

Namna anavyoonekana

Ni nondo, kipepeo ya usiku, wa jamii ambayo wataalamu wanaiita Gynanisa. Akitandaza mabawa, anapita upana wa kiganja cha mtu mzima. Rangi yake ni kahawia na kijivu kama ganda la muti, kwa hiyo mchana hatumuoni. Kwenye kila bawa la nyuma ana doa la duara kama jicho. Ndege akimkaribia, anafungua mabawa ghafla, macho hayo yanamtisha. Dume ana vipapasio vipana kama unyoya; kwa hivyo ananusa jike kutoka mbali, gizani.

Maisha mafupi

Nondo huyu hali kitu. Mdomo wake haufanyi kazi. Anaishi siku chache tu kwa mafuta aliyoweka wakati alipokuwa dudu. Anapandana, jike anataga mayai kwenye miti kama mutondo, basi, amemaliza. Madudu yanakula majani, yanajivua ngozi mara kwa mara, halafu yanashuka na kuchimba udongo. Ingawa ni ndugu wa nondo wa hariri, huyu hafumi nyumba ya nyuzi. Analala ndani ya udongo mpaka mwaka unaofuata.

Tufanye nini?

Tukikata muti ili kuokota madudu ya juu, au juu ya makala, tunaua mavuno ya kesho. Moto wa mwezi wa tisa na wa kumi unaunguza majani mapya pamoja na mayai. Kama ni lazima kuchoma, tuchome mwezi wa tano au wa sita, nyasi zingali na maji kidogo.

Tusiokote madudu madogo, na mengine tuyaache yashuke udongoni. Wabisa wa kaskazini ya Zambia wana desturi ya kungoja ruhusa ya wakubwa kabla ya kuanza kuokota. Sisi pia, komite zetu zikae na machifu, zipange tarehe moja kwa kijiji chote. Mmoja akiheshimu na jirani akiwahi, hatutafika mbali.