Mkubwa Anapobisha Hodi: Meta na Mitandao ya Shirikisho (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tulieleza namna mitandao ya kijamii ya shirikisho inavyofanya kazi. Hakuna kampuni moja inayomiliki seva zote. Kila kikundi kinaendesha seva yake, na seva hizo zinawasiliana kwa itifaki moja ya wazi iitwayo ActivityPub, iliyopitishwa Januari 2018. Mastodon, iliyoanzishwa na Eugen Rochko wa Ujerumani mwaka 2016, ndiyo inayojulikana zaidi. Leo tuutazame ugomvi uliozuka humo baada ya Meta, mmiliki wa Facebook, Instagram na WhatsApp, kubisha hodi.

Meta ilizindua Threads Julai 2023, na ndani ya siku tano tu watu milioni 100 wakawa wamejiunga. Desemba mwaka huo ikaanza kujaribu kuiunganisha na shirikisho. Machi 2024 watumiaji wa Marekani, Canada na Japani wakaruhusiwa kujiunga, na miezi michache baadaye nchi zaidi ya mia moja zikafuata.

Tuchukue mfano. Mwalimu wa Duga, mkoani Tanga, ana akaunti ya Mastodon, na binamu yake wa Lunga Lunga, ng'ambo ya mpaka upande wa Kenya, yuko Threads. Binamu anapaswa kuwa na akaunti ya wazi, aingie kwenye mipangilio na kuruhusu maandishi yake yatoke nje ya Threads. Akiandika jambo, linasubiri dakika chache, kisha linatumwa kwenye seva ya mwalimu, naye analisoma na kulijibu bila kuwa na akaunti yoyote ya Meta. Lakini binamu akilifuta, Threads inaweza tu kutuma ombi kwamba lifutwe na huko. Seva ya pili ikikataa au ikiwa imezimwa, maandishi yanabaki. Mwenye kujiunga alijue hilo mapema.

Waendeshaji wengi wa seva ndogo walikataa kabla hata Threads haijafika. Waliweka ahadi ya pamoja ya kuifungia milango, na nadhani hofu yao ina msingi. Mwaka 2005 Google ilileta huduma yake ya kutumiana ujumbe, Google Talk, ikiwa juu ya itifaki ya wazi ya XMPP. Mwaka 2006 ikaifungua izungumze na seva za watu wengine. Watu wa seva ndogo wakafurahi, kwa kuwa ghafla marafiki wao wote wa Gmail walikuwa wanapatikana. Mei 2013 Google ikaleta Hangouts, na Hangouts haikuzungumza na seva za nje. Aliyekuwa upande wa pili alibaki na orodha ya marafiki asioweza kuwafikia. Google haikuvunja sheria yoyote, kwa sababu hapakuwa na sheria ya kuifunga. Iliingia kwa hiari yake na ikatoka kwa hiari yake.

Sisi Watanzania tuna kisa chetu, tena kilichokwenda vizuri, na nashangaa hakitajwi katika mjadala huu. Wenye umri wanakumbuka enzi ambapo hela ya simu haikuvuka mtandao. Ukimtumia mtu wa mtandao mwingine, alipata ujumbe wenye namba maalumu, kisha akamtafute wakala wa mtandao wako ili atoe fedha taslimu. Hakuweza kuiacha kwenye simu yake. Ndiyo maana mtu alitembea na laini tatu. Mwaka 2014 Tigo, ambayo leo ni Yas, pamoja na Airtel na Zantel, zilikubaliana kwamba hela itoke kwenye akaunti ya mtandao mmoja na kuingia moja kwa moja kwenye ya mtandao mwingine. Vodacom, mwenye M-Pesa na wateja wengi kuliko wote, hakuwemo. Mkubwa hana haraka ya kufungua mlango, maana wateja wanamfuata yeye. Mwaka 2016 naye akaingia, na hapo ndipo huduma ikawa na maana kwa kila mtu.

Kwa nini Vodacom haikufanya kama Google? Kwanza, kampuni ziliandikiana kanuni kabla ya kuunganisha mitambo: nani analipa nini, nani anawajibika hela ikipotea. Pili, Benki Kuu ilikuwa ikiangalia, na mwaka 2015 ikapatikana Sheria ya Mifumo ya Malipo ya Taifa. Tatu, na hili naliona kubwa kuliko yote, mteja alipata njia ya kuondoka. Tangu Machi 2017 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inamruhusu mtu kuhama mtandao bila kubadili namba. Kampuni inayojua kwamba mteja anaweza kuondoka na namba yake haiwezi kumdharau.

Threads haina hata moja kati ya hayo. Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza mwanzoni kwamba lengo ni mtu aweze siku moja kuondoka na wafuasi wake kwenda seva nyingine. Mastodon inaruhusu hivyo tangu zamani, mtu akihama wafuasi wanamfuata. Kwa Meta hiyo bado ni ahadi.

Umuhimu wa kuwa na njia ya kuondoka ulionekana Horohoro, mpakani na Kenya, kuliko mahali pengine. Mei 2025 mtandao wa X, zamani Twitter, ulipofungwa nchini, mwenye laini ya Kenya aliendelea kuusoma akiwa hatua chache tu kutoka mpakani. Msafirishaji wa machungwa ya Muheza mwenye laini mbili mfukoni aliweza kubadilisha laini. Lakini mwandishi wa Tanga mjini aliyekusanya wafuasi kwa miaka kumi hakuweza kuwahamishia kokote, kwa sababu wafuasi hao ni mali ya kampuni moja yenye mlango mmoja.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaotaka Meta ifukuzwe. Binamu wa Lunga Lunga yuko huko, na mwalimu ana haki ya kuongea naye. Ninachokataa ni sisi kuingia kupitia mlango wa Meta peke yake. Vyuo vyetu, redio za jamii na vyama vya wavuvi vinaweza kuendesha seva zao, kwa kuwa programu ya Mastodon ni ya bure. Kikwazo kinaweza kuwa leseni. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilidai mamilioni ya shilingi kwa ada, na Juni mwaka huo jukwaa la mijadala la Jamii Forums likajifunga kwa muda. Kanuni hizo zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu hapo. Naiomba TCRA izirekebishe tena, itenganishe seva ya chuo au kijiji na kampuni ya habari, na iwatake wakubwa wanaojiunga na shirikisho wamruhusu mtu kuhama na wafuasi wake, kama ilivyoyataka makampuni ya simu kwa namba zetu.